Mzazi naye aangaliwe: jinsi ya kumhudumia mama kuanzia mimba, leba mpaka arobaini

Mtoto akizaliwa tu nyumba nzima yahamia kwa mtoto, kafanana na nani, jina atapewa nani, akika lini, na mamake yuko pale kitandani upande wa ukutani kila mtu ampita aende akambebe mtoto. Mimi ni nesi mkunga hapa Mombasa na hili ndilo laniuma kuliko yote, kwa sababu hatari kubwa kwa mama haiishi mtoto akilia, kwa wengi ndio inaanza hapo, na masaa 24 ya kwanza ndiyo mabaya zaidi. Damu nyingi baada ya kuzaa ndiyo inayoua mama wazazi wengi zaidi duniani na huwa haina kelele, mama anachoka tu, ananyamaza, watu wanasema muacheni apumzike.

Kwa hivyo haya nawaandikia nyinyi mnaokaa naye, mamake, mavyaa, wifi, dada na mume pia, maana hospitali anakaa siku moja au mbili, zilizobaki zote yuko mikononi mwenu.

Mimba ikiwa bado changa

Kliniki aanze mapema, kabla ya wiki 12 zikiwezekana. Najua wengi wetu husubiri tumbo lionekane, ati mimba haitangazwi, sawa usiitangaze mtaani lakini nesi mwambie. Siku hizi tunataka mama aonekane mara 8 mpaka azae, si zile mara 4 za zamani, na sababu ni presha. Presha ya mimba inaweza kuwa sawa leo na wiki mbili baadaye imepanda mpaka 150 na mama mwenyewe hasikii kitu. Ikifika 140 juu au 90 chini hiyo tayari si ya kuachwa. Na kama mimba iliyopita alikuwa na presha au alishikwa na kifafa cha mimba mwambieni nesi siku ya kwanza kabisa, kuna dawa ndogo inayoanzwa mapema kusaidia, ukija kusema miezi saba umechelewa kuipata faida yake.

Siku hiyo ya kwanza atatolewa damu, kupimwa wingi wa damu, grupu, virusi vya ukimwi, kaswende, mkojo, na akikutwa grupu yake ni negativu andikeni mahali, maana mtoto akizaliwa positivu mama anahitaji sindano ndani ya masaa 72. Atapewa neti ya mbu na sisi huku Pwani tuna malaria kwa hivyo kuanzia wiki ya 13 kila mwezi anameza vile vidonge vitatu vya malaria pale pale mbele ya nesi (isipokuwa anayetumia septrini, huyo havinywi). Neti ni ya kulalia jamani, nimeona ikifunikia vifaranga.

Vidonge vya damu ndio vita kubwa. Mama anavichukua, anavitia kwenye kabati, kisa vinamtia kichefuchefu na choo kinakuwa cheusi. Choo kuwa cheusi ni kawaida. Kichefuchefu kikizidi anywe usiku akienda kulala, na asiteremshie na chai, hapa ndipo tunapokosea sana sisi watu wa Mombasa maana chai kwetu iko asubuhi, saa kumi na usiku, na chai inazuia ile dawa kuingia mwilini. Ameze na maji au juisi ya chungwa au ya ndimu, chai asubiri kama saa moja hivi au mbili. Chakula cha damu si lazima kiwe cha ghali, pojo, kunde, mchicha, dagaa, samaki, maini mara moja moja. Na ule udongo unaouzwa sokoni wa kutafuna, mama akiwa hawezi kuuacha mara nyingi damu yake iko chini, msimgombeze, mpelekeni akapimwe.

Mwezi wa Ramadhani mwenye mimba ana ruhusa ya kula akiogopea nafsi yake au mtoto, hilo mashekhe wamelisema na mnalijua, basi msimtizame vibaya akila. Hasa mfungo ukiangukia kaskazi, joto lile na mimba, mkojo unakuwa wa rangi ya chai na kichwa kinagonga, huyo afungue.

Miezi ya mwisho alale ubavu asilale chali, na ajue mchezo wa mtoto wake. Mtoto akipunguza kucheza ghafla hakuna kusubiri mpaka kesho wala kunywa maji baridi kumuamsha, ni kwenda hospitali wakati huo huo. Vivyo hivyo kichwa kuuma sana, macho kuona vimulimuli au ukungu, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono kufura, damu yoyote ukeni, maji kutoka kabla ya wakati, homa. Miguu kufura jioni kwa joto hili ni kawaida, uso kufura si kawaida.

Mpango wa safari

Hili lipangwe mimba ikiwa miezi saba si siku ya uchungu. Hospitali gani, nani ataenda naye, gari la nani saa nane usiku, watoto wengine watalala kwa nani. Anayekaa Likoni au Mtongwe ajue hospitali ya Likoni na Mrima ziko upande wake, asijitie kuvuka feri na uchungu ndani ya tuktuk kwa sababu tu dadake alizalia Makadara, ile hospitali kubwa ya Coast General kisiwani. Kama kliniki wameshasema huyu ni wa kuzalia hospitali kubwa, labda alishapasuliwa au ana mapacha au presha, basi wiki za mwisho mleteni akae kwa jamaa kisiwani, ndiyo salama zaidi. Wa Changamwe na Mikindani wana Port Reitz, wa mjini wana Tudor na Makadara.

Habari ya malipo, SHA, ile bima ya afya ya serikali, ishughulikiwe mapema, mtu ajisajili na alipie akiwa bado na nguvu ya kupanga foleni, na muulize kliniki pale mnapotaka kuzalia wanachukua nini na hawachukui nini. Pesa kidogo ya akiba iwekwe hata hivyo. Na watu wawili watatu wa familia wajue kama wanaweza kutoa damu, maana damu haitengenezwi kiwandani, ikihitajika yatoka kwa mtu.

Mkoba uwe na kitabu cha kliniki, kitambulisho, leso nne au tano (za zamani, laini, zilizofuliwa), pedi kubwa, chupi, sabuni, nguo za mtoto na kofia, na kitu cha kula. Kitabu cha kliniki ndicho cha kwanza, mama akija hana sisi tunaanza kubahatisha.

Uchungu ukianza

Mimba ya kwanza uchungu wachukua muda. Unakuja unaenda, ukiwa kila dakika tano, umekaza karibu dakika nzima na hawezi kuzungumza ukimshika, twendeni. Aliyezaa kabla asisubiri hapo, na anayekaa mbali pia asisubiri. Chupa ikivunjika nendeni hata kama uchungu haujaanza, na maji yakiwa ya kijani au meusi fanyeni haraka.

Wakati mko nyumbani ale kitu chepesi, anywe maji, uji, chai ya tangawizi, atembee, aende chooni mara kwa mara. Kibofu kikijaa kinamzuilia mtoto njia na baadaye kinafanya damu itoke nyingi, hili jambo dogo watu hulisahau. Kumsugua mgongo chini pale juu ya makalio kwa kiganja, kwa nguvu, wakati uchungu unakuja, husaidia kweli. Anapenda kupiga magoti apige, anataka kuinama kwenye kiti ainame.

Sasa dawa za kuongeza uchungu. Nawaomba sana, mizizi ya kuchemsha, mafuta ya nyonyo, sijui nini kimeletwa kutoka shamba, msimpe. Mfuko wa uzazi ukikazwa kwa nguvu isiyopimika unaweza kupasuka na hapo tunawapoteza wote wawili, na aliyewahi kufanyiwa upasuaji ndio yuko hatarini zaidi. Na kama ameshakunywa basi mtuambie tukiuliza, hatutamtusi mtu, tunataka kujua tunapambana na nini.

Hospitalini mama ana haki ya kuwa na mtu wake wa kumliwaza, uliza kama leba yao inaruhusu mtu kuingia. Ukiingia kazi yako ni kumshika mkono, kumfuta jasho, kumpa maji, kumwambia pumua. Usimwambie sukuma! Sukuma asubiri mpaka njia ifunguke yote, sentimita 10, na nesi atasema. Na usikubali mtu yeyote amkandamize tumbo kwa juu ili mtoto atoke. Mama akipiga kelele mwache apige, hakuna tuzo ya kunyamaza, na nesi anayemtukana au kumpiga mwanamke leba anafanya kosa, mripoti kwa mkubwa wa wodi, nasema haya nikiwa nesi.

Mtoto akitoka mama achomwe sindano ya kukaza mfuko ndani ya dakika moja. Kitovu kisikatwe kwa pupa, dakika moja mpaka tatu hivi. Mtoto afutwe awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunikwe, anyonye ndani ya saa ya kwanza. Yale maziwa ya njano mazito ya mwanzo yasikamuliwe yakamwagwa, hiyo ndiyo chanjo yake ya kwanza.

Masaa ya kwanza, hapa someni polepole

Saa mbili za kwanza nesi anatakiwa awe anamcheki mama kila baada ya dakika 15, presha, mapigo, tumbo, damu. Lakini wodi yajua kujaa na nesi ni mmoja, kwa hivyo wewe uliye naye uwe macho yake.

Weka kiganja chini ya kitovu cha mama, bonyeza polepole. Utasikia kitu cha duara, kigumu kama embe bichi. Huo ndio mfuko wa uzazi umejikaza na ukijikaza mishipa ya damu inafungika. Ukibonyeza ukasikia tumbo limelegea, mkono unazama tu, au lile duara limepanda juu ya kitovu, mwite nesi hapo hapo, na huku ukisubiri sugua mahali hapo kwa mzunguko mpaka usikie pagumu, kisha mama akakojoe. Mara nyingi ni kibofu kimejaa ndicho kinachousukuma mfuko juu ukashindwa kukaza.

Halafu funua leso. Usimuulize tu "damu yatoka sana?" maana atakwambia sijui, funua utizame mwenyewe, na tizama chini ya makalio damu hujikusanya huko kwenye shuka. Pedi ikijaa chepe ndani ya saa moja, au mabonge makubwa kuliko yai yanatoka, au anasema moyo unakwenda mbio, anaona kizunguzungu, midomo imekuwa myeupe, anatokwa jasho la baridi, pigeni kelele. Msione haya kusumbua. Kuna utafiti mkubwa uliofanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini ukatoka 2023, walichofanya ni kuweka karatasi maalum chini ya mama ya kupimia damu badala ya kukisia kwa macho, halafu ikizidi wanampa matibabu yote kwa pamoja bila kungoja, kusugua mfuko, dawa za kukaza, dawa ya kugandisha damu, dripu, kucheki alipochanika, na kuvuja damu kubaya kukapungua kwa asilimia 60. Dawa zenyewe zilikuwepo tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba damu ilionekana mapema.

Asikimbilie kuruhusiwa kabla ya masaa 24 hata kama anajisikia mzima, na kabla hajatoka apimwe presha tena.

Nyumbani, siku arobaini

Mila zetu za mzazi nyingi ni nzuri, niseme wazi. Mwanamke anapumzishwa, anapikiwa, anakandwa, hafui hapiki, kuna watu hawana haya na wanayatamani. Uji wa pilipili manga, supu ya kuku, mseto wa pojo, mchuzi wa samaki, vyote sawa na vinamrudishia nguvu. Kinachonisumbua ni vitu vichache tu.

Kukandwa: maji yajaribiwe na kiwiko kwanza, ngozi ya mzazi aliyechoka inaungua haraka. Mgongo, mabega, mapaja, sawa. Tumbo msilifinye siku za mwanzo, na aliyepasuliwa tumbo lake lisiguswe mpaka kidonda kipone na daktari aseme. Mguu mmoja ukiwa umefura na unauma kuliko mwenzake, hasa nyuma ya goti chini, usiukande kabisa, huenda ni damu imeganda ndani na ukiisugua inaweza kusafiri mpaka kifuani, huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo. Ndio maana pia mzazi kupumzika si kulala tu siku nzima, ainuke atembee ndani ya nyumba, aliyepasuliwa ndio zaidi.

Mkaja, kile kitambaa cha kufunga tumbo, afungwe akitaka, unamuegemeza mgongo anajisikia vizuri, lakini usibane mpaka ashindwe kuvuta pumzi na usipite juu ya mshono mbichi. Mfuko wa uzazi utarudi wenyewe kama wiki 6, haurudishwi na kitambaa.

Jiko la makaa lisiingie chumbani dirisha likiwa limefungwa, ile hewa yake haina harufu na inaua watu usingizini. Ubani na udi moshi wake kifua cha kichanga hakiuwezi, fukizeni nguo nje. Na madirisha yafunguliwe jamani! Mwezi wa pili Mombasa mzazi amefungiwa, amevalishwa soksi na sweta, hapewi maji baridi wala ya uvuguvugu ya kutosha ati tumbo litajaa maji, na huku ananyonyesha. Maji anywe, kila akinyonyesha bilauri moja.

Aliyeshonwa nyuzi ajisafishe kwa maji safi kila akienda chooni, kutoka mbele kwenda nyuma, abadilishe pedi kila masaa manne hivi hata haijajaa, asitie chochote ndani, si dawa ya kienyeji, si chumvi ya mawe, si dettol. Choo kikimuogopesha kwa ajili ya nyuzi apewe papai, mboga na maji mengi.

Damu ya nifasi siku tatu nne za kwanza ni nyekundu, halafu yapauka inakuwa kama ya kahawia, halafu nyeupe nyeupe, na kila siku inapungua. Wanawake wetu huihesabu vizuri kwa sababu ya sala, basi hesabu hiyo hiyo itumike kwa afya. Ikiwa ilishapauka ikarudi nyekundu na nyingi, au ina harufu mbaya, hasa na homa ya 38 na kuendelea na maumivu ya tumbo, hiyo si baridi wala si jicho la watu, ni maambukizi na yanakwenda haraka sana. Aliyepasuliwa tizameni kidonda kila siku, wekundu unaoenea, usaha, mshono kufunguka.

Presha nayo haikuzaliwa na mtoto ikaondoka. Kifafa cha mimba kinaweza kumshika mama hata baada ya kuzaa, wiki ya kwanza hasa, na hata yule ambaye presha yake ilikuwa sawa miezi yote tisa. Kichwa kikali kisichosikia panadoli na macho kuona ukungu ni hospitali, na mkifika semeni kwanza "amezaa juzi" ili wasimpeleke foleni ya kawaida.

Matiti yakijaa yakawa mawe, dawa yake ni mtoto anyonye mara nyingi na akamate sehemu nyeusi si chuchu peke yake, kitambaa cha uvuguvugu kabla na cha baridi baada ya kunyonyesha. Titi likiwa jekundu, moto, na homa, aende akapewe dawa na asiache kunyonyesha. Mtoto maziwa ya mama tu mpaka miezi sita, hakuna maji ya sukari wala gripe wota, na asali haiingii kinywani mwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Kitovu kipakwe ile jeli ya hospitali kama mmepewa au kiachwe kikavu, mate na jivu na wanja vikae mbali.

Na moyo wake. Siku ya tatu mpaka ya tano wengi wanalia bila sababu, hiyo huja na kupita, anahitaji usingizi na mtu wa kumshikia mtoto usiku. Ikipita wiki mbili bado analia, hali chakula, hataki kumuona mtoto, anasema bora angekufa, huo ni ugonjwa na una matibabu. Na akianza kusikia sauti, kutolala kabisa, kusema mtoto si wake, kumuogopa mtoto, msimuache peke yake na mtoto hata dakika moja. Najua neno la kwanza litakalotoka ni jini. Msomeeni Qurani, mwombeeni, hilo ni lenu na halimzuii mtu kumpeleka hospitali, fanyeni yote mawili siku hiyo hiyo msingoje moja lishindwe.

Kliniki baada ya kuzaa zimesahaulika kabisa, mtoto anapelekwa chanjo na mama anasubiri kwenye benchi. Arudi siku ya pili tatu, arudi ndani ya wiki ya pili, arudi wiki ya sita. Mkifika na mtoto muombe nesi amguse na mama pia, presha, damu, tumbo, mshono, matiti, na mambo ya uzazi wa mpango, maana kunyonyesha kunakinga kama mtoto hapewi kitu kingine mchana na usiku, hedhi haijarudi na hajapita miezi sita, moja katika hayo likiondoka kinga imekwisha. Mwili wahitaji kama miaka miwili kabla ya kubeba mimba nyingine, na hapo mume awepo kwenye hicho chumba asikie mwenyewe kutoka kwa nesi.